Jezi ya raga inavyofuata miwa ya mkulima

MWAKA wa 2016 taji la Kenya Cup lilielekea Kakamega kwa mara ya kwanza. Klabu iliyolitwaa, Kabras Sugar, ilivalia jina la sukari inayouzwa madukani kwa pakiti. Mwenye jina hilo ni kampuni ya West Kenya Sugar, inayosaga miwa ya wakulima wa Malava na viunga vyake. Klabu hiyo ilishinda tena mwaka wa 2022, 2023 na 2024. Katika kipindi hicho hicho sekta ya sukari magharibi mwa Kenya ilipitia misukosuko ambayo ingetosha kuizima timu yoyote inayoishi kwa jasho la miwa.

Mambo haya mawili huandikwa mbali mbali, moja katika kurasa za michezo na jingine katika kurasa za kilimo, ilhali pesa ni zile zile.

Raga ya Afrika Mashariki haijaanza leo kutegemea shamba. Kombe kongwe zaidi katika eneo hili, Enterprise Cup, lilitolewa na mabaharia wa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Enterprise, mwaka wa 1928, na likaanza kushindaniwa mwaka wa 1930. Enzi hizo timu za walowezi waliolima ngano na mahindi na kufuga ng'ombe karibu na Nakuru, Eldoret na Kitale zilikuwa na uzito wake mbele ya zile za Nairobi. Mwaka wa 1953 ukaundwa muungano wa raga wa Afrika Mashariki, RFUEA, uliojumuisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka miwili baadaye timu yake ikawakaribisha Lions kutoka Uingereza na Ireland jijini Nairobi. Wenyeji walilazwa 39-12. Lions waliporudi mwaka wa 1962 walishinda 50-0.

Walowezi walipouza mashamba na kuondoka, raga ya mashambani ilipoteza mfuko wake. Kenya Cup ilipoanza mwaka wa 1970, nguvu zilikuwa zimehamia Nairobi. Klabu ya Nondescripts ndiyo iliyoshinda mataji mengi zaidi katika historia ya shindano hilo. Muungano wa RFUEA nao, ingawa usimamizi wa ligi na timu ya taifa upo mikononi mwa Shirikisho la Raga Kenya (KRU), ulibaki na kitu ambacho mchumi yeyote angekitaja kwanza: uwanja. Uwanja wa RFUEA kando ya barabara ya Ngong ni mali. Hukodishwa, huingiza viingilio, na thamani ya ardhi yake haipungui mvua ikikosa kunyesha.

Klabu za nje ya jiji hazina rasilimali ya aina hiyo. Kabras huchezea uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kakamega, ambako wiki ya maonyesho ikifika hupangwa fahali wa maziwa na mbegu za mahindi. Menengai Oilers nao huchezea uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Klabu ya namna hii haina ardhi ya kuwekea benki dhamana wala jengo la kupangisha. Inacho kifua cha jezi, basi.

Nakuru ndiko somo la kwanza lilikopatikana. Klabu ya Nakuru RFC ilitwaa Kenya Cup mwaka wa 2013 na 2014 ikiitwa Top Fry Nakuru, jina la mafuta ya kupikia ya kampuni ya Menengai iliyo mjini humo. Baadaye udhamini wa kampuni hiyo ulionekana kwa Homeboyz, klabu ya Nairobi iliyocheza kwa jina la Menengai Cream Homeboyz, kisha kwa Menengai Oilers. Nakuru RFC, yenye historia ndefu kuliko hizo mbili, ilibaki bila jina la mafuta na bila pesa zake. Hakuna kosa la kisheria hapo. Mwenye mali huitangaza anapotaka. Lakini klabu bingwa wa mara mbili iligundua kwamba ubingwa si mali yenye kushika bei sokoni. Anayemiliki jina ndiye aliyemiliki timu.

Kakamega hali ni tofauti kidogo, na tofauti yenyewe haijachunguzwa vya kutosha. Mafuta ya kupikia hutangazwa kwa mnunuzi. Sukari ya Kabras pia ina mnunuzi, ila shida kubwa ya kiwanda cha sukari katika eneo hili si kuuza, bali kupata miwa. Sehemu kubwa ya miwa hutoka kwa wakulima wadogo. Tangu kiwanda cha Butali kilipoanza kusaga mwaka wa 2011 katika eneo hilo hilo, trela za viwanda mbalimbali zimekuwa zikifukuzana kijijini, huku West Kenya na Butali wakivutana mahakamani kwa miaka. Mkulima aliyepewa mbegu na mbolea na kiwanda kimoja anaweza kushawishiwa na kingine siku ya kukata.

Katika mazingira hayo, timu inayoshinda ina kazi mbili. Inauza sukari Nairobi, na inamkumbusha mkulima wa Malava kwamba kiwanda hiki ni "chetu". Kampuni haijasema hivyo hadharani, lakini hesabu inaelekea huko. Mshahara wa mchezaji ni gharama ya kutafuta malighafi, kama ilivyo mbolea ya mkopo. Ikiwa ni hivyo, udhamini huo utadumu maadamu miwa inagombaniwa. Siku kiwanda kimoja kitakaposhika eneo zima, au siku sukari ya nje itakapofanya miwa isiwe na thamani ya kugombaniwa, sababu ya kulipia timu itapungua.

Hatari hiyo si ya kubuni. Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa magharibi kwa miezi kadhaa kwa sababu viwanda vilikuwa vikikata miwa michanga. Uzalishaji wa sukari nchini, uliokuwa karibu tani 800,000 mwaka wa 2022, ulishuka chini ya tani 500,000 mwaka wa 2023, kisha ukapanda tena kupita tani 800,000 mwaka wa 2024. Kabras ilishinda taji miaka yote mitatu. Wapo watakaoona hapo ushahidi kwamba timu haitegemei miwa. Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba kampuni ilikuwa na akiba ya kutosha kuvuka miezi hiyo, na akiba ina mwisho.

Mfano wa kampuni iliyofika mwisho huo uko umbali mfupi tu kwa gari. Mumias, iliyowahi kuzalisha sukari nyingi kuliko kiwanda chochote nchini, iliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019. Aliyeiweka ni benki ya KCB, mmoja wa waliokuwa wakiidai. Benki hiyo hiyo ndiyo yenye klabu ya KCB, iliyotwaa Kenya Cup mwaka wa 2017, 2018 na 2019 na kuwaliza Kabras katika fainali mara si moja. Mapato ya benki hutoka kaunti zote na kwa kila aina ya biashara. Mapato ya kiwanda cha miwa hutoka kwa zao moja linalochukua takriban miezi 18 kukomaa. Uwanjani ni wachezaji 15 kwa 15, lakini nyuma ya timu hizo hakuna usawa wowote.

KRU yenyewe imewahi kuonja. Januari 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa michezo nchini, ikilaumu ushuru mpya wa asilimia 35. Shirikisho lililoungua namna hiyo lilitarajiwa kuweka kanuni kwa klabu zake: mkataba wa udhamini usiopungua misimu mitatu, notisi ya mwaka mzima kabla ya mdhamini kuondoka, na fungu fulani la pesa hizo kuwekwa katika mali ya klabu yenyewe. Nidhamu hii ndiyo wakulima wa miwa wamekuwa wakiidai kwa viwanda, kwamba mkataba uandikwe na malipo yawe na tarehe.

RFUEA nayo ina nafasi yake. Jina lake linabeba Afrika Mashariki nzima, lakini mali yake iko Nairobi. Sehemu ya mapato ya uwanja huo ingeweza kukopeshwa klabu za Kakamega na Nakuru zikodishe ardhi kwa muda mrefu kutoka kwa chama cha maonyesho ya kilimo au serikali za kaunti, zijenge majukwaa na kukusanya viingilio vyao. Mechi kubwa hujaza watu Kakamega. Kinachokosekana ni lango ambalo ni lao.

Wakati huo ramani ya miwa inabadilika. Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne kwa miaka 30, na Nzoia, katika kaunti ya Bungoma, ikaenda kwa West Kenya Sugar. Kampuni hiyo sasa ina wakulima wapya wa kuwashawishi, na wengi wao wamebeba kumbukumbu za malipo yaliyochelewa chini ya usimamizi wa zamani. Mkulima wa Bungoma ataishangilia Kabras ikicheza, lakini kabla ya kupakia miwa yake katika trela ataangalia kwanza kama pesa za mavuno yaliyopita zimeingia.