Irabu moja yatosha kuwaua samaki

Mnamo 2009 serikali ya Kenya, kupitia mpango wa kufufua uchumi, iliazimia kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyoteuliwa. Mengi yalitelekezwa baadaye. Siku hizi wapo wanaovutiwa na akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale. Ni mfumo unaoifaa nchi yenye uhaba wa maji. Hata hivyo, nachelea tutampa mkulima tangi na kumnyima maarifa.

Roho ya mfumo huu ni maji. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo chakula cha sukuma wiki. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa ili wazaane vya kutosha. Anayejaza samaki tangini siku ya kwanza hujitakia hasara. Huhitaji pia oksijeni tele na pH inayokaribia 7. Klorini ya maji ya mfereji huwaua. Naye anayeinyunyizia mboga dawa ya wadudu, ajue amewanyunyizia samaki.

Isitoshe, chakula cha samaki aghalabu hakina madini ya chuma, potasiamu na kalisi ya kuitosha mimea. Majani machanga yakigeuka manjano, huenda tatizo likawa ukosefu wa chuma. Kuwaongezea samaki chakula hakutalitatua. Kutachafua maji tu.

Msomaji atauliza: mwanaisimu anatafuta nini tangini? Nitriti na nitrati hutofautiana kwa irabu moja tu. Moja huua, nyingine hulisha. Tunawafundisha wanafunzi kwamba sauti moja hubadili maana ya neno. Hapa kosa la sauti moja humfilisi mkulima. Vijitabu vingi na vifaa vingi vya kupimia maji huja na maelezo ya Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Nawaomba walimu wa Kilimo na wa Kiswahili washirikiane. Vyama vya 4K, vilivyofufuliwa 2021, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanafunzi wapime maji kila juma, waandike matokeo kwa Kiswahili sanifu, kisha wawaeleze wazazi wao maana ya kila kipimo.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mkulima wetu hajakataa kuambiwa. Hajaambiwa kwa lugha yake.