Bwawa likijengwa, ukingo wa maji utakuwa wa nani?

KINDU – Mjini Kindu, neno bwawa lina maana moja: umeme. Mkaaji wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli akilisikia redioni, anafikiri friji, mashine ya kusaga na balbu ya mtoto anayesoma usiku. Ni haki yake. Mji mkuu wa Maniema umejengwa kando ya Lualaba, mto ambao mbele unakuwa mto Kongo, wa pili duniani kwa wingi wa maji. Hata hivyo, giza likiingia, nyumba nyingi zinamulikwa na paneli ndogo za jua, jenereta au tochi ya simu.

Ndiyo maana kila mradi wa bwawa unapotajwa, maswali yanakuwa yaleyale: megawati ngapi, nani anatoa pesa, nguzo zitafika lini. Kuna swali lingine ambalo halisikiki sana. Maji yakizuiliwa, nyuma ya ukuta wa bwawa panatokea ukingo mpya. Shamba lililokuwa mlimani linajikuta kando ya maji. Nani atakuwa na hati ya shamba hilo?

Swali hili linaweza kuonekana kama anasa. Ziwa, mahema, wageni wanaochoma samaki jioni: ni mambo ya mbali katika nchi ambako neno kambi linaleta kwanza picha ya wakimbizi wa vita chini ya maturubai ya plastiki. Mwenye nyumba atalipaje pesa ili akalale chini ya hema? Lakini watu wanalipa, na sehemu wanazozipenda zaidi ni zile zenye maji yaliyotulia na barabara nzuri. Bwawa linaleta vyote viwili: ziwa, pamoja na barabara iliyochimbwa ili kupitisha saruji na mitambo.

Tena si wazungu peke yao wanaolala katika mahema. Wakati wa likizo kubwa, vijana wa Skauti, Kiro na Xaveri wanabeba sufuria, unga na mikeka, wanatoka mjini kwenda kupiga kambi. Wanachotafuta ni uwanja, kuni na maji ya karibu. Wanaomba ruhusa kwa chefu wa kijiji, wanampa heshima yake, mambo yanakwisha. Hapo hakuna tiketi wala seng'enge.

Jinsi ukingo unavyobadilisha mwenyewe, mfano ulio wazi uko Uganda, kwenye mto Nile. David Livingstone alipofika Nyangwe, hapa Maniema, mwaka 1871, alifikiri kwamba Lualaba ndiyo Nile ya juu. Alikosea. Lakini kwa habari ya mabwawa, mto wa kule una mengi ya kuwafundisha watu wa mto wa huku.

Karibu na mji wa Jinja palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Tangu miaka ya 1990, wageni walifika kwa wingi kushuka mawimbi kwa boti za mpira. Kambi za mahema zikafunguliwa juu ya ukingo, baa zikafuata, na wauza chapati na mayai wakasimama njiani. Kulikuwa hata na vijana waliojitupa ndani ya maporomoko wakiwa wameshikilia dumu la plastiki, kisha wanapanda juu kuomba makuta kwa watazamaji. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini walikula kwayo. Kwa Wabasoga, mahali hapo palikuwa pia makao ya roho ya Budhagaali, na palikuwa na mlinzi wake wa kimila.

Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012. Wakati huo maporomoko yalikuwa yameshafunikwa na maji. Uganda ilipata umeme iliouhitaji sana, na hilo lisidharauliwe na mtu anayeandika kutoka mji wenye giza. Kwenye ukingo, kila mmoja alipata au alipoteza kadiri ya karatasi aliyokuwa nayo. Wenye kambi na viwanja vya kudumu juu ya mto walibaki. Badala ya kelele za maporomoko, wakaanza kuuza utulivu wa ziwa: matembezi ya boti jioni, kayaki, hema lenye kuangalia maji. Makampuni ya boti za mpira yalihamia chini ya bwawa. Kijana wa dumu hakuwa na cha kuhamisha. Kazi yake ilikuwa maporomoko yenyewe.

Mambo hayakuishia hapo. Ili kusaidia mradi wa Bujagali, Benki ya Dunia ilikuwa imeafikiana na serikali ya Uganda kwamba maporomoko ya Kalagala, sehemu ya chini ya mto, yatahifadhiwa kama fidia ya yale yaliyozama. Halafu likaja bwawa la Isimba, la megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019, nalo likafunika sehemu nyingine ya mawimbi. Wenye biashara ya utalii walilalamika, mabishano yakawa marefu, na maji yakapanda.

Msomaji wa Kindu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Uganda. Basi apande na mto wake mwenyewe. Maji yanayopita chini ya mitumbwi kati ya Kindu na Alunguli yameshapita ndani ya mabwawa huko juu, karibu na Kolwezi: Nzilo, lililoanza kazi mwaka 1952, na Nseke, la mwaka 1956. Yote mawili yalijengwa kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Siku hizi kuna pia Busanga, la megawati 240, juu ya Lualaba hiyohiyo, lililojengwa kwanza kwa ajili ya kampuni ya shaba ya Sicomines. Nzilo lilizaa ziwa kubwa. Tangu wakati wa Wabelgiji, faida ya kwanza ya maji hayo ilikwenda kwenye shaba. Kijiji kinachoangalia nyaya zikipita juu ya paa bila kushuka ni jambo ambalo Mkongo hahitaji kuelezwa.

Kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, jambo hilohilo lilitokea kwa ukubwa mwingine. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili ziwa lijae. Leo kando ya ziwa hilo kuna hoteli, kambi za mahema na boti za kulala wageni, na wazao wengi wa waliohamishwa wanaishi mbali na maji, katika nchi kavu. Nchini Kongo pia, familia za Inga bado zinadai fidia kwa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya mabwawa yaliyoanza kazi mwaka 1972 na 1982.

Maniema yenyewe si jimbo geni kwa mabwawa. Karibu na Kalima, katika teritware ya Pangi, mto Lutshurukuru ulifungwa wakati wa ukoloni ili kuwapa umeme wachimbaji wa bati wa Symétain. Kampuni hiyo iliingia baadaye katika SOMINKI, SOMINKI ikafa katika miaka ya 1990, na mali ya migodi ikaenda kwa SAKIMA. Tangu hapo, kukarabati Lutshurukuru na kuvuta laini hadi Kindu ni ahadi ambayo wakaaji wameisikia mara nyingi, hasa wakati wa kura.

Hapa pana jambo la kuangalia vizuri. Mto kama Lutshurukuru hauwezi kuzaa ziwa la Kariba, na hakuna kijiji cha Pangi kitakachoamka kandokando ya bahari. Mabwawa ya aina hiyo yanategemea zaidi mteremko wa maji kuliko wingi wake, na maji yanayotuama nyuma ya ukuta ni machache. Mtu anaweza kufikiri kwamba basi hatari ya kugombania ukingo ni ndogo. Ukweli unaweza kuwa kinyume. Ukingo ukiwa mfupi, sehemu nzuri zinahesabika kwa vidole: ile tambarare moja isiyo na matope, ile njia moja ambayo gari linafika. Wa kwanza kuziandikisha amezimaliza zote. Kwa kawaida wa kwanza kujua ni mtu wa ofisi aliyeona ramani kabla ya kijiji kuiona.

Sheria inasemaje? Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Taifa, na mtu binafsi anapewa konsesyoni juu yake. Kuhusu ardhi za vijiji, vifungu vyake vya 387 hadi 389 vinazitambua kuwa zinakaliwa kwa mila, kisha vinaacha haki zenyewe zipangwe na amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa kwa zaidi ya miaka 40. Katika pengo hilo, babu aliyelima mahali pamoja maisha yake yote anaweza kusimama mbele ya ofisi ya ardhi mikono mitupu, na mgeni aliyetoka Kinshasa jana akawa na hati yenye muhuri.

Hata hivyo, kijiji hakiko uchi kabisa. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, ya mtu mmoja au ya jamii, na inadai malipo ya haki yatolewe kabla ya mtu kunyang'anywa mali yake kwa faida ya umma. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inataka mradi mkubwa ufanyiwe uchunguzi wa athari, na wananchi waulizwe maoni yao. Sheria ya umeme ya Juni 2014, iliyoondoa ukiritimba wa SNEL, imewafungulia watu binafsi mlango wa kujenga na kuendesha mitambo. Maana yake ni kwamba mjenzi wa bwawa kesho anaweza kuwa kampuni, na kampuni inasaini orodha ya masharti. Ndani ya orodha hiyo ndimo njia ya kijiji kwenda majini inapoweza kuandikwa, pamoja na mahali pa mitumbwi, mahali pa kufulia, na uwanja usiouzwa. Isipoandikwa mapema, kuidai baadaye ni kupiga kelele nje ya ua.

Katika mikutano ya aina hiyo, malipo ya mihogo na michikichi iliyo ndani ya eneo la maji yanakula muda wote. Inaeleweka, kwa sababu muhogo unahesabika. Thamani ya kukaa kando ya maji miaka 20 ijayo haina bei sokoni siku ile. Wanaopima michikichi wanaondoka wameridhika, na ukingo unabaki bila kutajwa.

Ni lazima kusema pia kwamba hakuna msururu wa wageni unaosubiri kuja Maniema na mahema yao. Vita vya Kivu vimefunga njia na vimeogopesha hata wenye moyo. Virunga, hifadhi iliyojenga mitambo yake ya umeme kama ule wa Matebe na kufungua kambi ya mahema kwenye kisiwa cha Tchegera katika ziwa Kivu, ilifunga utalii mwaka 2018 baada ya wageni wawili Waingereza kutekwa nyara na mlinzi wao kuuawa. Ilifungua tena 2019, kisha ikafunga kwa sababu ya korona. Maniema ina hifadhi ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, yenye nyani lesula ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2012, lakini kuifikia ni safari ya kweli. Faida ya haraka haiko kwa watalii wa mbali. Iko kwa Mkongo wa Kindu mwenye mshahara, anayetafuta mahali pa kupeleka familia Jumapili, na kwa wale vijana wa Xaveri na wenzao wa mwezi wa nane.

Hao ndio pia wa kwanza kukutana na hatari. Maji ya bwawa hayana tabia ya mto. Malango yakifunguliwa, au mashine zikiwashwa baada ya kusimama, maji ya upande wa chini yanaweza kupanda kwa dakika chache wakati mbingu ni nyeupe na hakuna mvua. Watoto waliozoea kuusoma mto kwa macho hawana dalili ya kuwaonya. Hema linalopigwa juu ya mchanga chini ya ukuta wa bwawa liko mahali pabaya kuliko pote, hata kama ndipo panapopendeza. King'ora na mbao za onyo zilizoandikwa Kiswahili na lugha ya kijiji ni gharama ndogo katika mradi wa mamilioni ya dola. Upande wa juu kuna shida nyingine: maji yaliyotulia yanalea konokono wa kichocho. Ghana iliona ugonjwa huo ukiongezeka sana kando ya ziwa Volta baada ya bwawa la Akosombo kujengwa katika miaka ya 1960.

Kwa sasa, karibu na Kalima, kupiga kambi kando ya mto bado ni kazi ya kumsalimia chefu na kuonyeshwa uwanja. Mhandisi atakayefika na ramani ya kukarabati atapita kwa chefu huyohuyo, na ataomba saini. Karatasi hiyo itakuwa na ukurasa wa malipo ya mimea. Chefu na wazee wake wana haki ya kuuliza ukurasa wa ukingo uko wapi, na kutotia saini hadi uongezwe.