Butembo: Mkimbiaji wa mwisho naye alilipa

Katika mji wa Butembo, mbio za milima na mashindano ya kinga ya safari ndefu yanatangazwa kwa kelele nyingi. Kipaza sauti juu ya gari, tishati za rangi moja, picha ya mfadhili kwenye kitambaa kikubwa, hotuba ya kiongozi. Watu wanaitwa wajiandikishe kwa wingi, vijana kwa wazee. Lakini siku yenyewe inapofika, inaonekana wazi kwamba kila kitu kimepangwa juu ya watu kumi wa mbele. Wengine wote, ambao ndio walioleta franka nyingi, wanaachwa njiani kama mzigo uliodondoka kutoka kwenye lori. Hiyo si michezo. Ni kukusanya pesa na kupiga picha.

Kuna fundi mmoja wa kinga katika komini ya Kimemi, baba wa watoto wanne, mwenye miaka zaidi ya arobaini. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu angali anataka kushiriki, na wapangaji wanamfahamu. Si mwanamichezo wa kazi. Anaamka saa kumi na moja za asubuhi, anapanda na kushuka vilima kabla ya kufungua karakana. Siku ya Mungu, akitoka kanisani, anaendesha kinga mpaka upande wa Musienene na kurudi. Katika miaka hii michache ameingia mbio tatu za mlima na mashindano mawili ya kinga. Aliyoyakuta humo wanayajua washiriki wengi wa kawaida, lakini hakuna anayewauliza.

Mbio yake ya kwanza ya mlima ilitangazwa kuwa ya kilomita 12. Wale waliokuwa na simu za kupima njia walikuta zaidi ya 15. Mpangaji anaweza kuona kwamba kilomita tatu si kitu. Lakini mtu anayepanda mlima anagawa nguvu zake kama mama anavyogawa bukari: anahesabu kwanza watoto, halafu ndipo anakata. Ukimdanganya hesabu, kuna atakayelala njaa. Kilomita tatu za uongo zikiwa mwishoni, zikiwa za kupanda, zinamkuta mtu ambaye amekwisha kutumia yote.

Meza ya maji ilikuwa moja, juu ya kilima cha pili. Fundi alipofika alikuta mifuko mitupu chini na vijana wawili wanakunja meza. Alipoomba maji, mmoja alimjibu: "Papa, wa kwanza walishapita zamani." Alikunywa kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya njia. Mama yule hakumuuliza amekuwa wa ngapi.

Mwishoni alikuta hema limekwisha kung'olewa. Muda wake haukuandikwa, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote, ingawa namba ilikuwa bado kifuani. Alipolalamika kwa kijana wa komite, alijibiwa: "Papa, ulijiandikisha wewe mwenyewe. Nani alikulazimisha?"

Jibu hilo ndilo la kupingwa kwanza, kwa sababu wapangaji wanalipenda. Mtu anayepanda basi naye hajalazimishwa. Je, dereva akimshusha katikati ya pori usiku, atajitetea kwamba abiria alinunua tiketi mwenyewe? Kulipa ni kuingia katika mapatano. Mkimbiaji anatoa pesa na jasho lake, mpangaji anatoa njia iliyopimwa, maji, ulinzi, msaada wa mganga na hesabu ya muda. Upande mmoja ukitimiza na mwingine usitimize, hayo si mapatano tena. Ni udanganyifu.

Mashindano ya kinga yalikuwa na hatari zaidi. Yalitoka Beni kuja Butembo. Anayejua barabara ile anajua kwamba ni zaidi ya kilomita 50, na kwamba Butembo iko juu kuliko Beni kwa mita mia kadhaa. Ni kupanda, kushuka kidogo, halafu kupanda tena. Barabara haikufungwa. Malori yalipita, wamotari walipita na abiria wawili wawili, mbuzi walikatisha. Polisi waliokuwa na pikipiki walitangulia pamoja na kundi la mbele, na gari la wagonjwa likawafuata hao hao. Nyuma hapakuwa na mtu.

Katika mteremko mmoja, mwenzake fundi alishindwa kupunguza mwendo. Fundi yeyote wa kinga anaweza kueleza sababu: vipande vya mpira vya breki vinapokuwa vimekwisha, na mtu ameshika breki mteremko mzima, mpira unapata moto na kuacha kushika. Hakuna aliyekagua kinga asubuhi ile huko Beni. Yule mtu alianguka na kuvunjika mfupa wa bega. Alipelekwa kwenye kituo cha afya na motari aliyekuwa anapita na mzigo wake. Pesa za matibabu zilichangwa na wenzake watano, mmoja franka elfu kumi, mwingine elfu tano. Siku ile ile jioni, wapangaji walikuwa wanagawa vikombe.

Kuna jambo moja ambalo wapangaji wengi hawalifikirii, nalo ni hesabu ndogo tu. Mshindi wa mbio ya mlima anamaliza, tuseme, kwa saa moja. Wa mwisho anamaliza kwa saa mbili na nusu. Nani amekaa kwenye hatari muda mrefu zaidi? Nani anakutwa na jua la saa sita, ao na mvua ya mchana ambayo kila mkaaji wa milima ya Lubero anaijua? Nani miguu yake inatetemeka wakati wa kuteremka? Nani anakuta barabara imekwisha kurudishwa kwa malori? Ni huyu wa mwisho. Basi, kama maji ni machache, yahesabiwe kuanzia kwake. Kama gari la wagonjwa ni moja, lisiende na mshindi, kwa sababu mshindi tayari anatazamwa na kila mtu.

Wanaodhani maneno haya ni ya woga wakumbuke tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021. Huku Kivu, siku ile inakumbukwa kwa Nyiragongo, volkano iliyolipuka jioni na kukimbiza watu wa Goma. Siku ile ile, huko Gansu katika nchi ya China, watu 172 walikuwa wanashindana mbio ya milima ya kilomita 100. Hali ya hewa iligeuka: upepo mkali, mvua ya barafu, baridi. Watu 21 walikufa. Koti la kuzuia upepo lilikuwa jambo la kushauriwa tu, si la lazima. Kati ya waliokufa alikuwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa safari ndefu katika nchi ile. Wakimbiaji sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewaingiza katika pango na kuwawashia moto. Baadaye viongozi waliadhibiwa, na mashindano ya hatari ya namna ile yakasimamishwa.

Gansu ilikuwa na pesa, ilikuwa na wafadhili, ilikuwa na vifaa. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza mapema: hali ikiharibika, yule aliye mbali zaidi na meza atafikiwa na nani, na kwa muda gani? Huko mchungaji alikuwepo kwa bahati. Huku ni mama muuza ndizi na motari. Mbio haipangwi juu ya bahati.

Wengine wanasema: katika Beni na Lubero, ambako watu wanauawa na ADF na familia zinakimbia vijiji, kuzungumzia maji ya wakimbiaji ni anasa. Maneno hayo yanaonekana kuwa mazito, lakini yanageuza ukweli. Kama hali ni ya vita, ndiyo sababu ya kupanga vizuri zaidi, si ya kupanga vibaya zaidi. Kamerun inaonyesha hilo. Mbio ya Mlima Kamerun inaanzia Buea na kupanda mpaka karibu na kilele cha mita 4,000 na zaidi, halafu inarudi. Imeendelea hata wakati wa vita vya sehemu zile za Kiingereza. Mwezi wa pili mwaka 2023 mabomu yalilipuka wakati wa mbio na kujeruhi wakimbiaji. Nani basi anaweza kusema kwamba kulinda washiriki ni anasa? Mpangaji asiyeweza kujua watu wake wako wapi njiani, na ni wangapi wamefika, hapaswi kuwatuma watu katika barabara za eneo hili hata kwa kilomita tano.

Tena, michezo yenyewe si anasa. Fundi wa Kimemi anasema kwamba saa ile ya asubuhi ndiyo peke yake ambayo hafikirii deni wala habari za usiku. Vijana kadhaa wa mtaa walianza kumfuata, na wawili kati yao ni watoto wa familia zilizokimbia vita. Kundi kama hilo halikuundwa na mradi wala na mfadhili. Linaweza kuvunjwa na mbio moja mbaya.

Sababu nyingine inayotolewa ni umaskini: komite haina pesa. Basi hesabu ifanywe mbele ya watu. Washiriki 200 wakilipa franka 5,000 kila mmoja, hiyo ni franka milioni moja. Kila mshiriki akipewa mifuko minne ya maji, ni mifuko 800. Hata kama mfuko mmoja ungekuwa franka 200, ni franka 160,000. Inabaki 840,000 kabla ya kuhesabu hata franka moja ya mfadhili. Inaweza kuwa zinatumika vizuri. Lakini nani amewahi kusomewa matumizi yake? Kanisa linasoma matoleo, likelemba lina daftari, hata chama cha wasukuma chukudu kinajua nani alilipa na nani hakulipa. Komite ya mbio ni nani hata isisome?

Wanawake nao wana la kwao. Katika mbio moja kati ya hizo, mwanaume wa kwanza alipewa mbuzi. Mwanamke wa kwanza, aliyepanda vilima vile vile, alipewa beseni na kikwembe kimoja. Na hii ni katika mji ambao kila asubuhi wanawake wanapanda kutoka mabondeni na mizigo ya ndizi, ya kuni na ya mihogo mgongoni, kamba ikiwa imefungwa kwenye paji la uso. Kama kuna mtu anayejua kupanda mlima hapa Butembo, ni mama yule. Kumpa beseni ni kumwambia arudi jikoni.

Ni haki kusema pia kwamba wapangaji wengi wanajitolea, hawalipwi, na bila wao pasingekuwa na mbio hata moja. Wanastahili shukrani. Lakini kujitolea hakuondoi wajibu. Anayejitolea kuendesha gari la watoto bado anapaswa kukagua breki. Na mambo yanayotakiwa hapa si makubwa. Hakuna anayeomba Butembo iwe kama Kigali, ambako mwezi wa tisa mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga ya barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika Afrika, barabara zikafungwa na shule zikafungwa. Watu wa Kivu wana mengi ya kusema juu ya serikali ya Kigali, na wana sababu. Lakini mpangaji mwenye akili hachagui mahali pa kujifunza: barabara ya mashindano inafungwa, ao mashindano hayafanyiki.

Yanayotakiwa ni haya. Njia ipimwe, na urefu wa kweli utangazwe pamoja na milima yake. Breki za kila kinga zikaguliwe kabla ya kuanza. Meza za maji ziwe zaidi ya moja, na zisikunjwe mpaka wa mwisho apite. Nyuma ya wote kuwe na gari ao pikipiki yenye mtu wa Msalaba Mwekundu, lile ambalo katika mbio kubwa za kinga linaitwa gari la ufagio, linalookota waliochoka na waliojeruhiwa. Namba za waliotoka zilinganishwe na namba za waliofika, na mtu asiende nyumbani kabla hesabu hazijalingana. Muda wa kila mmoja uandikwe. Zawadi ya mwanamke iwe sawa na ya mwanaume. Na katika juma moja, matumizi ya pesa yabandikwe mahali watu wanaweza kuyasoma.

Ofisi ya michezo ya mji nayo isijifiche nyuma ya komite. Ndiyo inayotoa ruhusa, na ruhusa si muhuri wa kuuzwa. Kabla ya kusaini, iombe karatasi moja tu inayoonyesha njia, maji, mganga, polisi na mtu wa nyuma. Komite isiyoweza kujaza karatasi hiyo isubiri mwaka ujao.

Na washiriki wa kawaida, ambao ndio wengi, wajue nguvu yao. Bila wao hakuna umati, na bila umati hakuna mfadhili wala hotuba. Kabla ya kutoa franka 5,000, kila mmoja aulize swali moja kwenye meza ya kujiandikisha: nani atabaki barabarani mpaka mtu wa mwisho afike? Asipotajiwa mtu kwa jina lake, arudishe pesa mfukoni. Vilima vya Butembo havina mlango, na kuvipanda asubuhi hakuhitaji ruhusa ya komite.