Livu Zetu na Watoto Wetu



Shule zikifungwa, Agosti na Desemba, mabasi ya Kitui na Wote hutuletea watoto wetu Nairobi. Halafu? Baba yu kazini, mama yu kazini, mtoto yumo chumbani amefungiwa wiki tatu, kisha arudishwa nyumbani. Wenzake wakimwuliza jiji ni kitu gani, atawaambia ni mlango wa mabati.

Wengine husema matembezi ni ya wenye pesa. Sikubali. Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni. Humo limo behewa ambalo simba mla watu aliliingia usiku, mwaka 1900, akamtoa dirishani Bwana Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, aliyekuwa akimvizia simba huyo huyo akashikwa na usingizi. Mambo hayo yalitokea Kima, Makueni, kwetu! Na mtoto wa Kitui mjini, ambako reli haipiti, ataziona injini za mvuke kwa macho yake. Kiingilio kipo, lakini kinachotushinda zaidi ni siku.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku 21 za livu yenye mshahara baada ya kutumika mwaka mzima. Lakini wengi wetu hupangiwa livu hizo watoto wakiwa darasani. Maoni yangu, halmashauri yetu ikienda kuonana na matajiri juu ya mishahara, ipeleke na neno hili: mwenye watoto wa shule apewe walau siku 5 za livu yake wakati shule zimefungwa. Hatuombi siku ya ziada hata moja.