Kule ni taka ya sumu, huku ni 'Ex-UK'

Hakuna maneno yanayouza kitu haraka Kitale au Bungoma kama "Ex-UK". Yaweke kwenye picha ya sofa, TV au friji, itupe Facebook, na kabla chai haijapoa watu washaanza kuuliza bei. Wala usiwacheke. Kitu kilichotumika Uingereza miaka kumi mara nyingi bado kinakishinda kipya cha bei rahisi kinachoanza kubonyea baada ya miezi sita. Kama ndio unaanza maisha kwenye bedsita yako kule Tuwani au Kanduyi, hiyo hesabu unaijua.

Sasa sikia hesabu ya upande wa pili. Tangu Januari 2023, sofa ikitupwa Uingereza hairuhusiwi kuzikwa jalalani wala kusagwa itengenezewe kitu kingine, ila ithibitishwe kwamba haina kemikali fulani. Hukusanywa kando na taka nyingine, ikilindwa isichanike njiani, kisha huteketezwa kwenye tanuri maalumu. Sababu ni kwamba sponji na kitambaa chake huenda vimejaa kemikali za kuzuia moto ambazo dunia imeshakubaliana ni sumu. Lakini mwenye sofa asipoitupa, akaiuza ikiwa bado nzuri, hiyo si taka tena. Ni bidhaa. Na bidhaa hupakiwa kwenye kontena.

Hapo ndipo penye shida, na ndiyo maana mtu akikwambia kemikali hizi "zilipigwa marufuku kitambo" mwambie ni kweli, kisha muulize: zilipigwa marufuku zikiwa wapi?

Hadithi yenyewe ilianzia kwa sigara. Marekani miaka ya 70 watu wengi walikuwa wakifa kwa moto ulioanza sigara ilipoangukia kiti. Badala ya kubana sigara, wakabana kiti. Mwaka 1975 jimbo la California likataka sponji ya samani iweze kustahimili mwale wa moto kwa sekunde 12. Njia nyepesi ya kufaulu mtihani huo ilikuwa kumwaga kemikali ndani ya sponji, na kwa kuwa soko la California ni kubwa, viwanda vikafanya hivyo kwa nchi nzima. Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilianika jinsi kampuni za sigara na za kemikali zilivyoushabikia mpango huo. Uingereza nayo ilipitisha kanuni zake kali za samani mwaka 1988. Kwenye TV, redio na kompyuta kemikali hizo ziliingia kwenye plastiki ya nje, ile kava ngumu inayokaa karibu na joto la umeme.

Maarufu zaidi ni familia moja iitwayo PBDE. Ndani yake kuna bromini, ndugu wa klorini. Shida ni kwamba hazijashikana na sponji au plastiki. Zimechanganywa tu. Ni kama rangi ya leso ya bei ya chini inavyotoka kila ukifua, ila hapa inayotoka inaingia kwenye vumbi la sebuleni, na anayekula vumbi hilo si wewe bali mtoto anayetambaa kisha anatia vidole mdomoni. Mwilini, kemikali hizi hukaa kwenye mafuta kwa miaka na hupatikana hata kwenye maziwa ya mama. Zinafanana kiasi na homoni ya tezi ya shingoni, ile inayosaidia ubongo wa mtoto kukua, na tafiti nyingi zimezihusisha na watoto kuwa wazito wa kujifunza. Hutaugua leo jioni kwa kukalia kochi. Hii ni sumu ya polepole, na ndiyo sababu ni rahisi kuipuuza.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm unaopiga vita sumu za aina hii mwaka 2004. Aina mbili za kwanza za PBDE ziliingizwa kwenye orodha ya mkataba 2009. Nyingine, HBCD, ikafuata 2013, kisha dekaBDE 2017, halafu Dechlorane Plus 2023. Ukitazama karatasi, tuko sawa kabisa.

Ila orodha ile ilipoandikwa 2009 iliachiwa mlango wa nyuma. Plastiki na sponji zilizokuwa na PBDE za zamani ziliruhusiwa kurejelezwa, yaani kuyeyushwa na kutengenezewa bidhaa mpya, hadi mwaka 2030. Nchi tajiri zilisema bila ruhusa hiyo kazi ya urejelezaji ingekufa. Matokeo yake? Kava za TV na kompyuta zilizosagwa zikarudi sokoni zikiwa na sura nyingine, mara nyingi nyeusi, kwa sababu rangi nyeusi huficha mchanganyiko. Mwaka 2017 mtandao wa mashirika ya mazingira, IPEN, ulichunguza vitu vya kuchezea kutoka nchi 26, Kenya ikiwemo, hasa ile michemraba ya rangi ya kuzungusha. Kati ya sampuli 111 zilizopelekwa maabara, asilimia 90 zilikuwa na PBDE za aina ya okta au deka. Mchemraba hauna umeme wala haukai karibu na jiko. Hakuna aliyekusudia uwe na dawa ya moto. Ilijiingiza tu, kama ugonjwa.

(Pengine uliona zile video za mwisho wa 2024 zikikwambia utupe mwiko wako mweusi wa plastiki. Zilitokana na utafiti wa Marekani, na baadaye watafiti walikiri kosa la hesabu: 60 mara 7,000 ni 420,000, wao waliandika 42,000. Kwa hiyo kiwango walichokuta hakikukaribia mpaka wa hatari kama walivyodhani. Ila kemikali zenyewe walizikuta kweli, kwenye vyombo vya jikoni ambavyo havikupaswa kuwa nazo hata kidogo. Mwiko wa mti bado ni bei poa, kwa hivyo hapo sioni cha kubishania.)

Haya, turudi nyumbani. Ile TV nzito ya kisogo uliyokua ukiigonga kichwani ili ionyeshe vizuri iko wapi leo? Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, TV nyingi za zamani zilianza safari ya kwenda kwa fundi, kisha uani, kisha jalalani. Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizobaki zilienda kwa watu kama wale unaowaona jaa la Machinjoni, Kitale.

Wanaofanya kazi hiyo wengi ni vijana wa rika lako, na ni wafanyabiashara. Shaba ina bei, alumini ina bei, bodi ya simu ina mnunuzi. Njia ya haraka ya kutoa shaba kwenye waya ni kuichoma. Kava ya plastiki haina mnunuzi, kwa hivyo nayo inaliwa na moto huohuo. Hapo ndipo dawa ya kuzuia moto inapokuwa mbaya kuliko ilivyokuwa sebuleni. Plastiki yenye bromini ikichomwa kwa moto hafifu wa jalalani hutoa dioksini, mojawapo ya sumu kali zaidi tunazozijua. Tanuri la Uingereza lina joto la kuivunjavunja na vichujio vya moshi. Machinjoni ni moto wa wazi na upepo.

Moshi ukitua, kuku anadonoa. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa na kukutwa na dioksini zaidi ya mara sita ya kiwango kilichoruhusiwa Ulaya. Sumu hii hupenda mafuta, na kiini cha yai ni mafuta. Sasa fikiria eneo ambalo mgeni hajapokewa mpaka ingokho achinjwe. Kuku wa kienyeji tunamlipia zaidi kwa sababu anajitafutia chakula mwenyewe. Swali ni anakitafutia wapi.

Nisikufiche, kuna hoja moja nzito ya upande wa pili. Nchi hii inaungua. Septemba 2024 wanafunzi 21 walikufa kwenye bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Mwaka 2001 kule Kyanguli walikufa 67. Mtu akiniambia godoro la bweni liwekwe dawa ya moto, nitamsikiliza kwa heshima. Lakini soma mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane. Hayo ndiyo huokoa watoto, na hayahitaji bromini. California yenyewe ilibadilisha kipimo chake mwaka 2013 ili samani zifaulu bila kemikali, na kuanzia 2020 ikazizuia kwenye samani, magodoro na vitu vingi vya watoto. Ulaya ilizitoa kwenye kava za TV na skrini mwaka 2021. Moto wa bedsita yako una uwezekano mkubwa wa kuanzia kwa stima ya kuunganishwa ovyo au mshumaa, na sponji yenye dawa ikishika moto hutoa moshi mzito unaomaliza mtu kabla ya mwale kumfikia.

Je, serikali ikitaka inaweza? Januari 2022, baada ya nguzo za stima kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma kuukuu nchi nzima kwa tamko moja. Ilikaa miezi kadhaa. Sisemi ilikuwa hatua nzuri, vijana wengi walilala njaa. Nasema tu kwamba stima ikiguswa mkono wa serikali hufika haraka hadi kwenye mizani ya muuza vyuma wa mwisho kabisa, lakini watu wa Webuye walivuta moshi wa Pan Paper kwa miongo na kuona mabati yao yakiliwa na kutu, na mkono huo hawakuuona.

Sheria za kutumia tunazo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zake za 2024 zinamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa agharamie mwisho wake. Tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka yoyote ya kielektroniki haivuki mpaka bila idhini ya nchi inayoipokea. Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi uliumia. Kinachokosekana ni kupima. Kuna kifaa cha mkononi, umbo lake kama bunduki, kinachosoma bromini kwenye plastiki kwa sekunde chache bila kuivunja. Kifaa hicho mikononi mwa KEBS pale Mombasa kingetenganisha TV safi na TV yenye sumu kabla kontena halijapanda lori.

Kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Ukusanyaji taka na majaa ni kazi ya kaunti, iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kutenga banda moja kila moja ambapo kava za TV, waya na sponji kuukuu zinapokelewa na kulipiwa kitu kidogo, ziondoke kwa lori kupelekwa kwa warejelezaji wenye leseni, kwa pesa za waingizaji bidhaa. Si lazima ziwe nyingi, bora zizidi bei ya shaba iliyochomwa. Bila hivyo, kumwambia kijana wa Machinjoni asiwashe moto ni kumwambia asile.

Kwa sasa, ukinunua Ex-UK muulize muuzaji umri wake. Sponji ikianza kumumunyuka iondoe, usiishonee mto wa mtoto. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Na 2027 wanasiasa watakuja na fulana na lori la muziki hadi mtaani kwenu. Umbali wa Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Waulize TV yako ya kisogo itafikaje huko, na nauli yake ni ya nani.