SAFARI NA MAGURUDUMU MAWILI: Nyigu na Nyuki wa Italia



Ndugu wasomaji, ukurasa huu kama ilivyo desturi yake unawahusu wale miongoni mwetu ambao wakisikia mlio wa pikipiki hugeuza shingo kabla hawajajijua. Safari ya mara hii ni ya Italia, nchi tuliyoitembelea pamoja na watoto katika likizo ya skuli. Watu huenda huko kutazama majumba ya kale, nasi tuliyatazama tukayastaajabia. Lakini macho yangu muda mwingi yalikuwa kandokando ya njia, pale skuta zinapoegeshwa bega kwa bega mithili ya ngalawa zilizopandishwa pwani.

Jambo la kwanza analoliona mpenzi wa pikipiki mjini Roma ni magurudumu. Njia nyingi za katikati ya mji zimetandikwa vijiwe vyeusi vilivyochongwa kimoja kimoja, ambavyo vikilowa huteleza, na hata vikiwa vikavu humtikisa mpandaji mpaka meno. Kwa hiyo Vespa zipo nyingi, lakini kila kona utaikuta pia ile skuta ndefu yenye magurudumu ya inchi 16, kama vile Honda SH, ambayo Wajapani huiunda huko huko Italia, katika mji wa Atessa. Gurudumu kubwa hupita juu ya ufa wa mawe, ilhali dogo hutumbukia. Vespa ya mwanzo ilikuwa na magurudumu ya inchi 8 tu. Za siku hizi zilizo kubwa zina inchi 12. Hivyo ndivyo ardhi ya nchi inavyomfunza fundi kazi yake.

Tukiwa njiani baina ya Firenze na Pisa tuliteremka kwenye kituo cha treni cha Pontedera, mji mdogo ambao pengine watoto wasingelikubali kuuzuru lau si ahadi ya aiskrimu. Hapo ndipo yalipo makumbusho ya Piaggio, ndani ya jengo lililokuwa karakana ya kiwanda, na hapo ndipo ilipozaliwa Vespa. Neno hilo kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu. Yasimuliwa kwamba bwana Enrico Piaggio alipoonyeshwa chombo hicho kwa mara ya kwanza, chenye kiuno chembamba, nyuma pana na mlio wa kuvuma, alisema kinafanana na nyigu, na jina likabaki.

Kisa chake chafaa kujulikana. Kampuni ya Piaggio iliasisiwa na baba yake, Rinaldo, mwaka 1884 huko Genova, na baadaye kiwanda cha Pontedera kikawa kikiunda ndege. Katika Vita vya Pili vya Dunia kiliangushiwa mabomu kikavunjika vibaya. Vita vilipokwisha mwaka 1945, ndege za kivita hazikuwa na mnunuzi tena, wafanyakazi hawakuwa na kazi, barabara zilikuwa zimeharibika na raia walikuwa na mifuko mitupu. Enrico akaona kwamba watu hao wanahitaji chombo rahisi cha kuwafikisha kazini. Jaribio la kwanza, lililopewa jina la utani la Paperino, yaani yule bata wa katuni, halikumridhisha. Ndipo akamkabidhi kazi mhandisi Corradino D'Ascanio, bingwa wa helikopta, ambaye mwaka 1930 chombo chake kiliruka mjini Roma na kuweka rekodi.

Ajabu ni kwamba D'Ascanio hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Alizihesabu kero zake, kisha akaziondoa moja baada ya moja. Kupanda pikipiki kunamlazimu mtu kuinua mguu juu ya kiti. Basi yeye akaliacha wazi eneo la katikati ili mtu apite na kukaa kama anavyokaa kitini. Cheni hurusha mafuta kwenye nguo; basi akaiweka mashine pembeni mwa gurudumu la nyuma, akaifunika, na cheni asiitie kabisa. Kubadilisha gia kwa mguu huharibu viatu. Basi gia akaziweka kwenye usukani, mkono wa kushoto. Tairi likipasuka ni taabu kulitoa. Basi gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja wa chuma, kama magurudumu ya ndege. Hati ya ubunifu huo iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946, kwa mashine ya cc 98, na katika muda wa miaka kumi zilikuwa zimeundwa Vespa milioni moja.

Nilipokuwa nikiyasoma hayo ukutani nilifahamu kwa nini chombo hiki kimependwa mno Unguja. Aliyekulia huko anamjua yule mzee aendaye harusini juu ya Vespa, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua kichwani, na akifika hana doa la mafuta wala mkunjo. Anamjua pia mama aliyekaa nyuma na buibui lake, kikapu mapajani. Mhandisi wa Kiitaliano alikuwa akiwafikiria wanawake wenye sketi na wafanyakazi wenye suti, lakini kazi yake ikawafaa na watu wa kanzu. Chombo hiki kina stara.

Nyigu huyo ana ndugu. Mwaka 1948 Piaggio walitoa chombo cha magurudumu matatu chenye sanduku nyuma, wakakiita Ape, yaani nyuki, kwa sababu ya kuchapa kazi. Katika vijiji vya milimani bado tulikiona kikipanda vichochoro na mizigo ya mboga na kuni, mahali ambapo gari lisingepita. Kampuni ya Bajaj ya India, iliyokuwa ikiunda Vespa kwa kibali cha Piaggio katika miaka ya 1960, iliunda na magari ya matatu ya namna hiyo, na kutokana na jina la kampuni hiyo ndugu zetu wa Dar es Salaam wanasema leo "nimepanda bajaji". Mwishoni mwa mwaka 2024 Piaggio waliacha kuiunda Ape huko Pontedera, lakini India kazi inaendelea. Nyuki ameuhama mzinga wake wa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililotushughulisha nyumbani kwetu. Binti yetu, mwenye umri wa miaka 17, hupanda mabasi mawili kwenda chuoni na mawili kurudi, na siku za baridi hutoka kungali kiza na kurudi kiza kimeshaingia. Mjini Firenze alimwona mwanamke wa makamo, amevaa nadhifu, mkoba ameutundika kwenye kulabu mbele ya magoti, akiondoka na skuta yake bila ya haraka. Akaniuliza, "Baba, tukirudi nami naweza?" Kabla sijafungua kinywa mama yake akajibu, "Babu yako Vespa ndiyo iliyomuua."

Ni kweli. Mjomba wake mama watoto alianguka njia ya Bububu, kwa mwendo wa taratibu tu, akimkwepa mbuzi. Kanzu yake haikuchanika. Lakini kichwa kiligonga ukingo wa barabara, na kofia aliyoivaa ilikuwa ya viua.

Hapo ndipo ilipo hatari ya chombo hiki, ndugu zangu. Upole wake humsahaulisha mtu kwamba amepanda pikipiki. Kupanda ni kama kukaa kitini, lakini barabara ni ile ile. Hata Waitaliano wenyewe walichelewa kulitambua hilo: mpaka mwaka 2000 mtu mzima aliyepanda skuta ndogo ya cc 50 hakulazimishwa kuvaa helmeti. Sheria ilipobadilishwa ikawahusu watu wote, uchunguzi uliofanywa katika eneo la Romagna ulionyesha kwamba wavaaji walipanda kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi zaidi ya tisa kati ya kumi, na waliolazwa hospitali kwa majeraha ya ubongo kutokana na ajali za pikipiki wakapungua kwa karibu thuluthi mbili. Watu walikuwa wale wale, na njia zile zile.

Kwa hiyo shauri tulilolikata mimi na mama yake ni hili: kwanza binti akafanye mafunzo ya lazima ya CBT, yaliyoanzishwa hapa Uingereza mwaka 1990, halafu tumsikilize mwalimu, ndipo tutoe ruhusa au tuizuie. Mama bado hajaridhika, na haki anayo.

Kwa wazazi wengine walio katika mtihani kama wetu, nawausia machache. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima, yenye alama ya herufi E ndani ya duara, na isiwe iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, kwani ikishaanguka huenda imepasuka ndani pasionekane. Msichana avae chini yake mtandio mwepesi usio na pini, kwa sababu pini ikigandamizwa huchoma. Na ncha za mtandio, buibui au koti zichomekwe, zisije zikanaswa na gurudumu la nyuma. Na vijana wanaokwenda Ugiriki, Uturuki au nyumbani kwa likizo wafahamu kwamba cheti cha CBT hakitambuliwi nje ya Uingereza, na bima nyingi za safari hazilipi hata senti kwa aliyeanguka bila ya leseni inayotakiwa au bila ya helmeti.

Mwenye kwenda Unguja mwaka huu, basi, kabla ya kuwachukulia jamaa manukato na chokoleti, aulize nani katika ukoo anapanda Vespa, na ampime kichwa kwa uzi. Zawadi hiyo haitamaliza nafasi kubwa sandukuni.

Tukutane mwezi ujao, Inshallah. Wabillahi tawfiq.