Kuni za shule ziondoke kichwani mwa mwanafunzi
Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), Dodoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika sekondari ya kutwa mkoani Tanga. Kwetu ni Kang'ata, wilayani Handeni. Nakuandikia kuhusu jiko la shule, kwa sababu nishati inapoadimika au kupanda bei huku vijijini, mzigo wake humwangukia mwanafunzi, tena mzigo wa kubeba kichwani.

Tangu Januari 2016 wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hatulipi ada, na tunashukuru. Chakula cha mchana bado ni mchango wa wazazi: mahindi, maharage, fedha ya mpishi, na kuni. Petroli na dizeli zikipanda, mwenye gari la kuni naye anapandisha bei, na nauli ya bodaboda inapanda siku hiyo hiyo. Mzazi aliyevuna kidogo hawezi yote mawili. Basi mtoto anatembea kwa miguu, na siku ya zamu yake anapitia porini kutafuta kuni. Miti mikavu ya karibu imekwisha, na ile minene imeishia kwenye matanuri ya mkaa unaopakiwa magunia kwa magunia kwenda mijini. Tunachopata ni fito za migunga, mbichi na zenye miiba. Anayezitafuta kwa bidii anachelewa kipindi cha kwanza. Anayewahi kipindi anaulizwa kuni zake ziko wapi.

Fika jikoni saa nne asubuhi uone zinavyowaka. Sufuria la makande limekaa juu ya mafiga tangu alfajiri. Kuni mbichi zinatoa povu kwenye ncha, moshi unajaa mpaka kwenye bati, na mpishi anakoroga kwa mwiko mrefu huku uso kaugeuzia mlangoni apate kuvuta pumzi. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo takribani 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na kupikia nishati isiyo safi. Tukisikia takwimu hiyo, sisi tunamfikiria mama huyu anayetulisha kila siku.

Agizo la Serikali tunalijua na tunaliunga mkono. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za watu zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Tarehe za taasisi zimepita, na mafiga bado yapo.

Wanafunzi hatukukaa kusubiri. Tulikusanya magunzi ya mahindi, tukayachoma ndani ya pipa tukizuia hewa, tukayatwanga, tukachanganya na uji wa muhogo na kuanika vidonge juani. Vinawaka vizuri, moshi wake ni kidogo, na birika la chai ya walimu linachemka. Lakini kwa sufuria la makande la shule nzima havitoshi, na magunzi yenyewe ni ya msimu. Tumepanda miti pia, na itachukua miaka kabla ya kufaa kukatwa. Tulichoweza tumekifanya, kilichobaki kinahitaji mkono wenu.

Mwaka 2024 mlitia saini mkataba na Jeshi la Magereza wa kufikisha nishati safi ya kupikia magerezani. Kwa hiyo njia mnaijua. Tunaomba mambo matatu kwa shule za kutwa za Handeni na za jirani zetu wa Korogwe.

Kwanza, mnapoleta jiko, pangeni pamoja na halmashauri nani atalipia gesi au uniti za umeme (LUKU) kila mwezi. Mtungi ukiisha na shule haina fungu la kuujaza, jiko jipya litafunikwa turubai na zamu za kuni zitarudi.

Pili, nishati iendane na mahali. Korogwe kuna mkonge, na nyuzi ni chini ya asilimia 5 tu ya jani; yanayobaki hutupwa. Huko huko, Hale, ulizinduliwa mwaka 2008 mtambo wa biogesi ya mabaki hayo, ukazalisha umeme. Shule zilizo jirani na mashamba ya mkonge zingeweza kupikia biogesi ya namna hiyo. Handeni maji ni ya shida, na mtambo wa biogesi ya kinyesi cha ng'ombe unahitaji maji mengi, kwa hiyo kwetu anzeni na gesi ya mitungi au umeme, na majiko banifu kwa kipindi cha mpito.

Tatu, tangazeni ratiba, kata kwa kata, ibandikwe kwenye ofisi za kata ili mzazi ajue shule ya mwanawe itafikiwa lini.

Wilaya zetu zinapitiwa na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na mitambo ya Hale ilianza kuzalisha umeme wa maji ya mto Pangani mwaka 1964. Nchi iliyoweza kazi kubwa kiasi hicho haiwezi kushindwa na jiko la shule.

Novemba nitafanya mtihani wa Taifa na kuondoka, kwa hiyo jiko hilo huenda nisilikute. Naliombea wadogo zangu watakaoanza kidato cha kwanza Januari, ili asubuhi zao ziwe za hesabu na baiolojia, na atakayechelewa kipindi asiwe amechelewa kwa ajili ya kuni.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa kidato cha nne,
Mzaliwa wa Kang'ata, Handeni